Sweta la Kwenye Boksi

3 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku ni wazima, wenye miguu miwili na wenye minne. Mjomba anakusalimu. Kusema kweli alirudi kutoka kazini asubuhi akaguna tu, lakini nimeitafsiri kuwa ni salamu.

Najua ulipiga simu Jumapili nikakujibu "salama" mara nne. Unanijua, Mama. Kwenye simu maneno hunikimbia, ila nikishika kalamu yanarudi moja moja.

Habari mbaya niitoe mapema. Nimelifua sweta lako, lile la kahawia ulilowaachia mbwa kwenye boksi, ukaniambia lisiguswe mpaka urudi. Jumamosi Mabano alitapika kwenye matandiko nikayaloweka yote pamoja. Nilikuwa nimechoka. Nilishafika kwenye mkono wa pili wa sweta, nasugua, ndipo nikatambua ninasugua nini. Nikalianika, likakauka, nikalirudisha kwenye boksi. Malkia alilinusa, akanitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu, akatoka. Tangu siku hiyo watano wote hawatulii. Nukta analia, Mkato anamwitikia, na Pamba, ambaye macho yake yamezidi kuwa na ukungu, anazunguka ukutani akikutafuta kwa pua.

Mjomba akitoka kuoka mikate usiku kucha anataka kulala mchana, na mchana ndio wanaongea zaidi. Jana alitoka chumbani na mto kichwani, akaniambia, "Wenzangu wana majirani wabaya. Mimi nina wapwa watano wenye mikia." Kisha akawagawia mkate ulioungua akarudi kulala.

Asubuhi bado nawashusha kama ulivyonielekeza: Pamba na Mabano kwenye kapu la nguo, watatu wengine wakitembea. Ngazi zimekuwa ndefu siku hizi. Nikimaliza kufuta macho ya Pamba, kuwapandisha, kuwalisha na kufagia, kipindi cha kwanza shuleni kimeshaanza.

Usinielewe vibaya, silalamiki. Nakukumbusha tu kwamba ile nafasi ya shule ya bweni, yenye maktaba ya ghorofa mbili, ni ya muhula unaoanza Julai. Ulisema utakuwa umerudi. Mjomba hawezi kukesha kazini na kuwatunza hawa pia. Nakungoja wewe.

Tafadhali tuma nguo nyingine uliyoivaa, isiyofuliwa.

Mwanao,
Msomi

14 Mei

Mwanangu Msomi,

Marahaba, mama. Mimi mzima, mgongo nao unaishi maisha yake. Bibi ninayemtunza hajambo kidogo, nyonga inaunga polepole, ila hawezi kwenda hata chooni bila kunishika. Anasalimu. Nimemsimulia habari zenu mpaka anawajua mbwa kwa majina. Aliniuliza nani aliyempa mbwa jina la Mabano, nikamwambia ni binti yangu, aliona miguu yake ilivyopinda akiwa na wiki moja tu. Alicheka hadi akashika nyonga.

Usijali kuhusu sweta. Ni sweta tu. Nakutumia la kijani kwa gari la vifurushi. Nimelivaa wiki nzima, jikoni na kitandani, sikulitoa hata nilipotoka jasho. Liweke upande wa ukutani, anapolala Malkia. Akikubali yeye, wengine wote watakubali.

Pamba mpondee chakula, wali na nyama, karoti ukiwa nayo. Usitie kitunguu hata kidogo, kinawadhuru. Mkato asile kwanza, atazoea vibaya. Masikio ya Nukta yafute kwa kitambaa kikavu, ukiyasikia yananuka yafute mara mbili.

Kuhusu kurudi, nasubiri mtoto wa bibi alete mtu wa kushika nafasi yangu. Anasema analeta. Mwezi uliopita pia alisema analeta. Lakini shule ni shule, nitakuwa nimefika.

Mwambie mjomba wako asiwape mkate ulioungua.

Mama yako

27 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Sisi hatujambo, isipokuwa usingizi umetukimbia, kila mtu kwa zamu yake.

Sweta la kijani limefika. Kabla sijaliweka kwenye boksi nililinusa mwenyewe. Nilitegemea kukuta wewe humo. Nilikuta dawa ya kuchua, na kitu kingine sikukijua. Wao walikijua. Malkia alisimama nywele za mgongo zimemsimama kama brashi, Nukta na Mkato wakaanza kubweka, na kabla sijaliweka chini watatu hao walikuwa wamelivamia. Mama, bibi yako ana paka?

Wamelirarua. Mkono mmoja umebaki mzima, mwingine Mkato alikimbia nao chini ya kitanda. Mjomba alitoka chumbani, akasimama katikati ya nyuzi za kijani, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Baadaye, akiokota vipande, alisema, "Wameshamsahau dada." Alisema taratibu, kama anaongea na ufagio.

Usiku huo nilikuwa bado nimevaa sweta langu la shule, nikalivua nikalitupa kitini. Asubuhi nikawakuta watano wote wamelilalia boksini, wamelivuta wenyewe. Walilala moja kwa moja. Ni mara ya kwanza mimi kulala usiku, na mjomba mchana wake. Sasa naenda shule na shati tu, na wenzangu wananiuliza kama sisikii baridi. Nawaambia sisikii.

Huyo mtu wa kushika nafasi yako ameshapatikana? Mwalimu wa fasihi anasema lazima tuthibitishe kabla Juni haijaisha.

Mwanao,
Msomi

22 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sijapata barua yako, na mjomba alipokupigia ulimwambia "salama" ukakata. Hilo jibu nalijua, ni langu.

Kama ni habari ya sweta, nisamehe. Niliandika kila kitu kama kilivyotokea, nikadhani inachekesha. Nilipokwisha kuituma nikaisoma upya kichwani, ikaacha kuchekesha.

Pamba aliumwa. Alikataa chakula, hata kilichopondwa, akawa anakaa mbele ya bakuli akitetemeka. Nilibaki naye nyumbani, nikampeleka kwa daktari wa mifugo ndani ya kapu, amefunikwa taulo. Yalikuwa ni meno. Ameng'olewa mawili na sasa anakula, ila anamwaga nusu sakafuni na Mkato anajua hivyo, kwa hiyo lazima nikae katikati yao mpaka amalize. Malkia ana kucha zinazohitaji kukatwa, na bado sijathubutu kushika mkasi. Mabano amekuwa mzito. Nikifika ghorofa ya juu na kapu, nakaa kwanza kwenye ngazi ya mwisho. Siku moja nililala pale. Mjomba aliponikuta alidhani nimeanguka.

Mama, nimemwambia mwalimu kwamba nafasi apewe mtu mwingine.

Nilimkuta kwenye korido amebeba madaftari mpaka kidevuni. Alisimama, akaniuliza, "Unaacha shule ile kwa ajili ya mbwa?" Nikamjibu, "Si kwa ajili ya mbwa." Alingoja kidogo, kengele ikalia, akaenda.

Nilikuwa na la kusema. Ningemwambia kwamba baba alipoondoka ulilala na uso ukutani, chai niliyokuletea ikapoa, nikaleta nyingine nayo ikapoa. Kwamba aliyekuinua hakuwa mimi. Alikuwa Pamba, aliyekuwa analamba nyayo zako mpaka ukaudhika ukaamka kumtoa nje, na ulipofika nje ukaendelea kuwa macho. Ukirudi ukakuta boksi tupu, sijui utaamshwa na nani. Ndiyo maana siwezi kuwagawa, na ndiyo maana siwezi kwenda.

Sikuandiki ili uhuzunike. Shule ninayosoma si mbaya. Vitabu vyake nimevisoma vyote, lakini vingine vinavumilia kusomwa mara mbili.

Rudi utakapoweza.

Mwanao,
Msomi

29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, bibi mzima, paka naye mzima, Mungu anisamehe ninavyomtazama siku hizi. Ndiyo, yupo, mnene wa kijivu. Analala miguuni pangu kila usiku na sikufikiria hata mara moja.

Barua yako ya sweta niliibeba kwenye mfuko wa aproni mwezi mzima. Kila nikitaka kujibu nasoma pale mjomba wako aliposema wamenisahau. Nikajiona nafika mlangoni kwangu na mabegi, nabwekewa kama mwizi. Nikaanza kusema bibi hajapona vizuri. Nikaanza kusema huyo mtu mpya hajafika. Alishafika, mwanangu. Alifika wiki mbili zilizopita, mama mmoja mpole, anapika kuliko mimi. Nilikuwa namfundisha kazi ambayo anaijua.

Hii ya pili nimeisoma nimesimama. Nimeona kumbe humbebi Pamba peke yake kwenye hilo kapu. Na mimi nimo. Unanipandisha na kunishusha ngazi kila asubuhi, kisha unafika shule umechelewa. Sitaki. Mimi ni mzito kuliko Mabano.

Nimempigia mwalimu wako mwenyewe. Nafasi ipo. Hakumpa mtu, anasema alikuwa anangoja uache ukaidi, nikamwambia atangoja sana, ukaidi huo ni wa kwetu. Mwezi huu unaoingia, tarehe kumi, unaondoka naye na wenzako asubuhi. Gari langu linafika jioni hiyohiyo. Mjomba wako ameomba ruhusa ya usiku mmoja kazini. Tutapishana njiani, hakuna namna, hilo ndilo gari nililopata.

Sweta lako la shule liache kwenye boksi. Usilifue. Nisipokuwa na mtu wa kunitambulisha kwao, litanitambulisha hilo.

Mama yako

10 Julai, asubuhi
(chini ya kopo la chumvi)

Mama,

Shikamoo, na karibu nyumbani. Pole na safari. Mwalimu yuko chini anapiga honi, kwa hiyo naandika haraka na mwandiko ni mbaya.

Wameshakula, ila chakula cha Pamba cha jioni kiko kwenye bakuli la bluu. Kaa katikati yake na Mkato. Mabano sasa anapanda ngazi mbili za kwanza mwenyewe ukimsifu, usimbebe kabla hajajaribu. Nukta hapendi tena kitambaa kikavu, kilowanishe kidogo. Kucha za Malkia nilikata, zote kasoro moja. Alinitazama vile anavyotazama, nikaiacha.

Wakikubwekea, usiondoke mlangoni. Kaa chini, wape mkono wanuse, usiseme kitu. Mimi ndivyo nilivyofanya mwanzo, ulipowaacha kwangu wakawa hawanitii.

Nimelala na sweta usiku huu, halafu nimeliweka upande wa ukutani.

Mwanao,
Msomi

19 Julai

Mwanangu Msomi,

Hujambo, mama? Umefikaje? Kitanda chako kipya kina godoro zuri? Na maktaba, ni ghorofa mbili kweli, au mwalimu aliongeza moja? Hapa sote tu wazima.

Walinibwekea. Nakwambia mwenyewe usije ukaambiwa na mjomba wako kwa namna yake. Malkia, niliyemlea kwa chupa ndani ya blauzi yangu, alisimama mlangoni na meno nje, na wanawe nyuma yake kama askari. Nikakaa chini kwenye korido na mabegi yangu, kama ulivyosema, ingawa barua yako nilikuwa sijaisoma. Pamba peke yake hakubweka. Machozi yakanitoka, nikamwambia kaka yangu, angalau huyu ananikumbuka. Akasema, "Dada, huyo hasikii siku hizi. Hajajua kama kuna mtu mlangoni." Nikacheka na machozi yangu usoni. Nadhani kicheko ndicho Malkia alichokitambua, maana alinyamaza akaja kunusa kiatu.

Lakini hawakunipokea siku ile wala kesho yake. Walikula mkononi mwangu kama wageni wenye adabu. Kisha wakaliburuta sweta lako mpaka mlango wa mbele na kulilalia pale, pua kwenye upenyo wa chini. Nilijaribu kulirudisha boksini, wakaliburuta tena. Basi nimehamisha mto wangu. Tunalala pale korido, wao na mimi, na mjomba wako akirudi alfajiri anaturuka kama madimbwi. Anasema sasa ana sita.

Juzi niliamka na kitu kinalowanisha nyayo zangu. Sikumtazama ni nani. Nililala vilevile, nimefumba macho, mpaka alipochoka mwenyewe. Halafu nikaamka nikapika uji.

Kapu nalishusha mimi sasa. Ngazi ni ndefu kweli. Mwanangu, hukuniambia vya kutosha zilivyo ndefu.

Uliandika pia kwamba unawaambia wenzako husikii baridi. Mwalimu wako anasema huko kuna baridi mpaka saa nne, na wewe peke yako unakaa na shati. Sweta lako siwezi kukurudishia, wenyewe hawaliachii. Nimekufumia lingine la rangi ileile ya shule. Shingo imekaa upande kidogo, utanisamehe. Nililimaliza mapema wiki hii lakini sikulituma siku hiyo. Nimelivaa kwanza, jikoni na kule korido, na usiku Malkia alilala juu ya mgongo wangu na Mabano kwenye mkono wa kushoto. Hakuna paka humo.

Manyoya meupe begani ni ya Pamba. Usilifue upesi.

Mama yako