Wasichana Saba wa Nyumba 214

Jumatatu, 4 Februari 1980

Nimefungua holo saa mbili kasorobo. Karani hajafika, kama kawaida. Nimepangusa cherehani zote kumi za darasa la ushonaji ingawa tunatumia tatu tu. Wasichana wa mtaa waliobaki darasani ni watatu. Wenzao wanasema kushona ni kazi ya mama zao, wao wanataka kupiga taipu. Haya. Cherehani saba zimefunikwa vitambaa tangu Novemba na zinaniudhi kila nikiziona.

Jioni ugali umebaki tena. Mume wangu Wafula ana miaka minne kaburini na bado sijajua kipimo cha mtu mmoja.

Alhamisi, 7 Februari

Amekuja msichana kutoka Huruma, kwa miguu. Anaitwa Njeri. Miaka kumi na sita hivi. Viatu kavishika mkononi visiishe soli. Mama yake anauza sukuma wiki. Nimempa kitambaa ajaribu. Mkono mwepesi, na mshono umenyooka kuliko wangu nilipoanza.

Nilifurahi mpaka tulipofika mezani kwa Kilonzo, karani. Darasa ni la watoto wa wapangaji wa mtaa huu, na fomu inataka namba ya nyumba. Bila namba huandikwi kwenye daftari. Usipoandikwa, mtihani wa gredi, ule wa cheti cha ushonaji, hufanyi.

"Unakaa wapi?" Kilonzo akamwuliza.

"Kwa mama."

Akacheka. Kwao ni vibanda vya mabati nyuma ya maghorofa, hakuna mlango uliowahi kupakwa namba. Njeri hakucheka. Akavaa viatu, akaenda zake.

Nimekasirika na sina wa kumwambia. Naandika hapa.

Jumatatu, 11 Februari

Njeri amerudi. Hakusalimia hata, amesema tu, "Mwalimu, si uandike yako?"

Nikaandika. Nyumba 214. Fomu ikauliza uhusiano na mpangaji. Nikaandika: binti. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuandika neno hilo mahali popote. Kilonzo akasoma, akanitazama, akapiga muhuri. Si mtu mbaya. Anachotaka ni fomu iliyojaa.

Jumanne, 26 Februari

Ni saba sasa. Njeri kawaleta mmoja mmoja, wote majirani zake. Cherehani zote kumi zinalia. Hata Kilonzo ametoka ofisini kusikiliza.

Wote saba: nyumba 214, binti. Sikuona shida. Fomu za hapa huingia kwenye faili zikalala humo. Nilitembea kwenda nyumbani nikijisemea majina yao. Nilipofungua mlango, kimya.

Jumatano, 5 Machi

Mjinga mimi. Fomu hazikulala. Zimevuka korido zikaingia ofisi ya nyumba, na huko kuna mtu anayejua kuhesabu. Barua imekuja: mpangaji wa 214, chumba kimoja, amejaza watu wanane, ni kinyume cha masharti. Afisa atakuja Ijumaa.

Kilonzo kanieleza kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Nikisema hawakai kwangu, majina yanafutwa siku hiyo hiyo na mtihani hawafanyi. Nikisema wanakaa, nyumba si yangu tena. Basi. Hakuna njia ya tatu, nimemwuliza mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Sijafanya lolote la maana. Nimekaa kitandani nikitazama msumari ambao Wafula alikuwa akitundika kofia yake ya reli. Aliupigilia siku tuliyopewa ufunguo, miaka kumi na minne iliyopita. Jirani alilalamikia kelele, na Wafula akaupiga tena mara tatu kwa makusudi.

Kusema hawakai hapa ndio ukweli. Ningekuwa nasema kweli mbele ya Mungu na serikali. Nimeanza barua kwa dada yangu Nekesa, kule Kimilili, nimuulize. Nimeichana. Najua atasema nini: usiwe mpumbavu, shika nyumba.

Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Afisa kaja saa nne. Kijana mpole, kalamu mbili mfukoni. Alihitaji hatua tatu kumaliza nyumba yangu. Kitanda kimoja. Kiti kimoja. Sahani moja. Kikombe kimoja, kimefunikwa juu ya meza. Niliona aibu kuliko kama angekuta uchafu. Hakuna aliyewahi kuiona kwa makini hivyo, hata mimi.

"Mama, hawa wasichana saba wanakunywa chai kwa kikombe kipi?"

"Kwa zamu."

Alijua. Akaniambia kwa heshima kwamba akiandika wanakaa hapa, itambidi anipe siku thelathini nihame. Akaniuliza tena, pole pole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango.

Nikasema wanakaa hapa.

Akaandika. Nikampikia chai, maana mgeni ni mgeni. Alikunywa kwa kile kikombe. Mimi nikakosa cha kunywea.

Jumamosi, 15 Machi

Wasichana hawajui. Wanaimba wakishona. Leo nimemfokea Njeri kwa sababu ya kola iliyokaa upande kidogo, nikaifumua yote mbele ya wenzake. Hakustahili. Nilikuwa nawachukia kwa furaha yao, wote saba. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kujidanganya kwenye daftari langu mwenyewe.

Nimetafuta chumba. Cha bei yangu hakuna mtaa huu wala wa pili.

Jumamosi, 29 Machi

Mtihani. Msimamizi alikuwa akiita jina na namba ya nyumba. 214. 214. Kufika la tatu akainua macho. Akaendelea. Wakaitika wote saba, kwa sauti, kama watu wa nyumba moja.

Nimeingia stoo ya vitambaa nikalia. Nikanawa uso, nikatoka. Gauni aliloshona Njeri lilikuwa safi. Kola imekaa sawasawa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimehama. Kilonzo kafungua mdomo, kwa hiyo wamekuja wasichana wote saba asubuhi, bila kuitwa, na mkokoteni. Hakuna aliyesema asante wala pole. Nadhani waliona haya. Mimi pia. Njeri alitafuta kabatini, akaniuliza, "Mwalimu, vikombe vingine viko wapi?" Nikamwambia ndicho hicho kimoja.

Mzigo haukujaza hata nusu ya mkokoteni. Msumari nimeuacha. Nilijaribu kuung'oa, ukakataa.

Nimepata chumba cha mabati ubavuni mwa mama Njeri, kanitafutia yeye. Watu wema. Lakini sauti zao zinanifikia kupitia ukutani, wakicheka mambo nisiyoyajua, na kitanda kimewekwa upande ambao sijauzoea. Nimelala chali nikimsikiliza kila mtu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimefungua holo saa mbili kasorobo. Kazi bado ninayo, na barua ya onyo juu yake, kwa kuvunja masharti ya nyumba. Majibu ya mtihani bado.

Nimejaribu kumwandikia Nekesa. Nimefika mahali pa kumwambia barua zake azielekeze wapi, nikakwama. Nimekunja karatasi.

Saa tatu Kilonzo akaniita na faili la wafanyakazi. Lazima arekebishe. Alikuwa na kalamu tayari, hakuniangalia usoni.

"Unakaa wapi siku hizi, Mwalimu?"

"Kwa mama Njeri."

Hakucheka. Aliandika hivyo hivyo.