Kadi Zangu za Harusi, Barua za Simoni

Jumatatu, 2 Julai 1956

Nimekoroga uji wa unga wa muhogo tangu asubuhi. Kadi tatu za kwanza zimeharibika. Karatasi ya daftari ni nyembamba mno. Ukiipaka uji inajikunja, ukiipiga pasi inapasuka. Na daftari lenyewe limekwisha.

Yohana amepita, akasema tena tuache kadi, tuwaalike watu kwa mdomo kama zamani. Hanielewi. Yeye ni fundi wa mitumbwi, na kila alichokuwa nacho kimeingia kwenye mbao za mtumbwi mpya na mbuzi wa harusi. Kadi za dukani, zile zenye ukingo wa dhahabu wanazonunua makarani wa boma, hatuziwezi. Sawa, nitatengeneza mwenyewe. Kwa mdomo sitaki. Nchelenge nzima imenimaliza kwa mdomo. Nataka kila aliyenisema ashike karatasi yenye jina langu.

Naandika haya kwa Kiswahili cha mama yangu wa Kilwa, si ile ya pwani, hii ya ng'ambo ya ziwa letu. Watu wa huku wanakijua cha kununulia samaki. Hawatajisumbua kukisoma.

Jumanne, 3 Julai

Nimechonga muhuri kwa kipande cha muhogo mbichi. Nilitaka njiwa wawili. Wametoka kama kambale wawili. Wino ni bluu ya kufulia nguo na maji kidogo. Unapendeza. Kambale wabaki.

Karatasi bado sina.

Alhamisi, 5 Julai

Karatasi ninayo. Iko chini ya godoro.

Simoni aliniandikia barua kumi na nane katika miaka minne aliyokaa kwenye migodi ya shaba. Aliondoka akiwa mchumba wangu, mahari imekwisha kutolewa. Kila barua ukurasa mmoja, ameandika upande mmoja tu, karatasi nzito ya kampuni. Upande wa nyuma ni mweupe kabisa. Nikiikunja katikati, maandishi yake ndani, weupe nje, nikabandika kingo kwa uji, napata kadi ngumu nzuri. Nimejaribu moja. Nimeilaza chini ya pasi ya makaa. Imetoka safi. Uji nimeutia pilipili ili mende wasile.

Nilifikiri ningelia nikizikata. Nimekata kingo kwa mkasi wa kushonea, sikulia.

Jumamosi, 7 Julai

Kadi kumi na moja. Mwandiko wangu bado ni ule walionifunza masista. "Mnaalikwa kwenye harusi ya Agnesi na Yohana, Jumamosi tarehe 14 Julai, kanisani, halafu nyumbani." Chini, kambale.

Kosa langu nimezisoma tena kabla ya kuzibandika. Ngoja kidogo, nyumba hawajanipa. Usije bado, mvua ni nyingi. Usije bado, naumwa mguu. Najua wewe ni mwaminifu, lakini usije mwezi huu. Barua kumi na saba anasema usije. Ya kumi na nane anasema ameoa huko.

Na mama yake alisemaje? Mama Simoni alisimama kwenye vichanja vya kukaushia samaki pale Kashikishi, akawaambia wanawake kwamba mwanawe aliniita mara nyingi na mimi nikakataa kwenda, kwa sababu nilikuwa na mwanamume wa boma. Alisema hivyo miaka miwili. Wanawake wakasema baada yake. Nikienda kuteka maji walinyamaza. Mpaka leo mama wa Yohana ananiangalia tumbo kabla ya kunisalimu.

Nawachukia. Wote, mmoja mmoja, kwa majina.

Jumapili, 8 Julai

Nimekaa kanisani na sikusikia neno la katekista. Nilikuwa nafikiria kingo.

Nikibandika kingo mbili na kuacha wa tatu wazi, kidole kinaingia. Na watu wa hapa hawawezi kushika kitu chenye mfuko bila kuchungulia ndani.

Nimerudi nyumbani nikafungua ukingo mmoja wa kila kadi kwa kisu.

Jumanne, 10 Julai

Nimezipeleka mwenyewe. Watu wamesema bibi harusi hajipelekei kadi zake. Nimejipelekea.

Nimechagua kila mtu na barua yake. Yule muuza chumvi aliyesema nimetoa mimba, amepata "najua wewe ni mwaminifu". Dada wawili wa vichanja, waliosema nimekataa kupanda lori, wamepata "usije, lori hazina nafasi". Nilitabasamu kwa kila mmoja.

Mama Simoni nimempa ya mwisho. Ile ya ndoa. Ndani Simoni anasema ana mke, ana mtoto wa kike, na kwamba mimi nisimwambie mama yake, kwa maana atataka kuja na nyumba ni ndogo. Mama Simoni hajui kusoma. Nimempa mbele ya vichanja, palipo na watu wengi wanaojua. Nilitaka asomewe kwa sauti, wote wasikie kwamba mwanawe anamficha kama deni. Ameishika kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo, akanishukuru. Nimeondoka haraka.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 11 Julai

Imefanya kazi. Sokoni barua zinasomwa kama gazeti. Wanabadilishana. Hakuna tena anayesema nilikuwa na mwanamume wa boma.

Sasa wananiita Usije.

Nimepita kwenye maji, msichana mmoja akaniita hivyo, wenzake wakaanguka kwa kicheko. Miaka minne ananiandikia usije, na mimi nangoja. Jana nilikuwa malaya, leo ni mjinga. Sijui ni lipi bora. Nilitupa ndoo chini, nikarudi bila maji.

Jioni Yohana amekuja. Kaka yake amemsomea kadi, nje na ndani. Amesimama mlangoni, hakutaka kiti. Yeye hasemi sana, na akisema nami ni kwa Kiswahili cha sokoni.

"Jina yangu iko inje," amesema. "Barua ya mwanaume mwingine iko mu ndani."

Nilimwambia karatasi haikuwepo. Amenitazama mpaka nikainamisha macho. Kisha amekwenda. Sijui kama ninaye bado.

Alhamisi, 12 Julai

Yohana hajaja. Mama yake amekuja kuchukua sufuria alizotuazima, akaacha moja. Sikuuliza maana yake.

Mchana amekuja Mama Simoni. Nilikuwa nasubiri matusi. Nilikuwa nimeyaandaa ya kwangu pia, yapo tayari tangu miaka miwili iliyopita.

Amekaa chini kwenye mkeka, akatoa kadi kutoka kwenye kitenge. Alikuwa ameifungua polepole, hakuna palipochanika. Amesema dada wa vichanja walitaka kumsomea, akakataa.

"Hii mukono ni ya Simoni," amesema. "Miye naijua. Alijifunza kuandika ku mulango yangu. Unisomee."

Hajapata barua hata moja kutoka kwa Simoni. Miaka minne. Sikujua. Nilidhani anajua yote na anadanganya. Alikuwa hajui lolote, akatafuta sababu ya kijana wake kunyamaza, akanikuta mimi.

Nilitaka kumwonea huruma na sikuweza. Nikamsomea yote, kwa ukali, hata pale aliposema usimwambie mama. Nilisoma pale mara mbili ili paingie vizuri. Nikamaliza na mtoto. Wamempa jina Chola.

Mama Simoni ameshika mdomo. Ameanza kulia, kisha nikaona kwamba anacheka.

"Soma tena pa mutoto," amesema.

Chola ni jina lake yeye mwenyewe, ameniambia. Tangu nimjue nimemwita Mama Simoni, kama wote, sikuwahi kuuliza jina lake. Nimesoma tena. Amesema soma tena. Mara tatu, kwa sauti yangu mimi. Barua mbaya kuliko zote, niliyomchagulia kwa makusudi, na amekaa mkekani kwangu amejaa furaha.

Akaniuliza kama juu kuna jina la mahali. Lipo, na namba ya nyumba. Nilimsomea hilo pia. Sijui kwa nini.

Alipoinuka amesema: "Nilikusema mubaya ku batu. Nikirudia nitabaambia."

Akirudi kutoka kwa Simoni. Nimesubiri miaka miwili maneno hayo, na yatasubiri mpaka arudi.

Ijumaa, 13 Julai

Siku ya kupika. Sijapika. Nimekaa. Jioni ameletwa mbuzi. Kaka yake Yohana amemfunga nyuma ya nyumba.

Basi ipo harusi.

Jumapili, 15 Julai

Nimeolewa jana.

Yohana alikuja kanisani mapema, kucha zina lami ingawa alikuwa amesugua. Watu walijaa mpaka nje. Wengine walikuja kumwona Usije. Nilisimama wima.

Wakati wote nilikuwa namtafuta Mama Simoni. Nilitaka awepo aseme. Nilitaka hata asiseme, akae tu pale mbele nimwone akiniona. Nilitazama kila benchi la wanawake, wakati wa nyimbo, wakati wa pete. Hakuwepo.

Nyumbani, tukiwa tumeketi mbele ya chakula, Yohana ameniuliza namtafuta nani. Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumatano, ukitoa yale ya kanisani. Nimemwambia.

"Alipanda lori jana asubui, anaenda ku mutoto," amesema. "Ni miye nilimubebea mufuko."

Alinisogezea sahani ya nyama. Wageni walikuwa wanatutazama, nikala.