Dari Alipolala Mbusa

Butembo,
20 Februari 1966

Mpendwa kaka yangu, Yaya Vagheni,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. U mzima? Berthe mkeo naye? Na kile kifua chako kimepoa, au joto la Léopoldville bado linakunyima usingizi? Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu, ingawa wiki hii uzima wenyewe tumeupigania. Mama anatembea vizuri. Mwanangu Sikitu ameota meno na anamwuma kila anayembeba. Tabia hiyo amerithi kwako.

Kitenge ulichotuma Noeli kilifika. Mama alikivaa kanisani akachelewa makusudi, ili apite katikati watu wote wakiwa wameketi. Unamjua.

Sasa nikueleze habari ya dari, maana usipoipata kwangu utaipata kwa midomo ya watu, na midomo ya Butembo huongeza chumvi.

Tangu waasi wa Simba walipouingia mji, na ndugu yetu Mbusa akajificha juu ya matete yale ya dari kwa sababu makarani kama yeye walikuwa wanatafutwa, Mama hakumruhusu mtu apande kufagia. Unajua mwisho wake: mchana mmoja alishuka kunywa maji, tukasikia mlango wa nyuma, basi. Wengine walisema walimwona ndani ya kamyo iliyobeba watu kuelekea Beni. Maiti hatukuona, matanga hatukukaa. Na kwetu mtu akiwa safarini hatufagii alipolala, tusije tukamfagilia mbali njia ya kurudi. Mama aliishika mila hiyo kwa mikono miwili.

Jambo ambalo sikukuandikia ni kwamba kila jioni alipandisha sahani ya ugali wa bukari na mboga ya sombe, akaiweka kwenye tundu la dari. Asubuhi sahani ilikuwa tupu. "Mutoto wangu alikula," alikuwa akisema, uso ukimng'aa. Nilijua ni panya. Lakini Yaya, nikuambie kweli, tukiwa tunakula nilisikia matete yakilia juu yetu, taratibu, kama mtu mzito anayejigeuza kitandani, nikaacha kutafuna. Niliogopa kuwa ni yeye, kisha nikaogopa kuwa siye.

Wiki iliyopita panya alianguka kutoka juu akafia karibu na mafiga, mbele ya Sikitu. Kesho yake akaanguka mwingine. Jirani yetu Hadidja, mke wa Juma mwenye kamyo, alisimama mlangoni akakataa kuingia.

"Adèle, panya zinakufa zenyewe mu nyumba yenu, na unakaa tu? Ile ni tauni! Utazika mutoto!"

Hadidja ana mdomo, lakini siku hiyo alisema kweli. Panya akifa, viroboto wake humwacha wakatafuta mtu. Akaja bwana wa afya, akatazama dari kutoka chini, hata ngazi hakuigusa. "Musafishe hii plafond mbele ya samedi," akasema; alitupa hadi Jumamosi. "Kama hapana, tutachoma nyumba."

Mama akaketi chini ya ngazi. Hakulia, hakugomba, ila hakuondoka. Nikamwambia, "Mama, hapana Mbusa anakulaka. Ni panya. Na Sikitu atakufa." Akaishika ngazi. Ningengoja neno lako, wewe mkubwa wetu, lakini ndege ya posta haina haraka, viroboto wanayo. Nilimpeleka Sikitu kwa Hadidja, nikajifunga kitambaa puani, nikamruka Mama, nikapanda.

Juma alikuwa ameng'oa bati moja ili mwanga uingie. Nilinyunyiza maji na dawa tuliyopewa, vumbi lisiruke. Mifuko ya mahindi ilikuwa imetobolewa yote, mavi ya panya na ya popo yamejaa, masizi ya jiko yananing'inia kila mahali. Nilifagia kwa hasira, na kwa furaha pia, kwa sababu mimi na uchafu hatujawahi kupatana. Kisha nikafika pembeni, bati linapoinama, nikamkuta.

Usishtuke, si mifupa. Ni kitanda chake cha majani makavu ya migomba. Umbo lake limezama humo hadi leo: miguu imekunjwa, bega, mkono chini ya kichwa. Masizi yalikuwa yamelifunika lakini hayakulifuta. Na pale kifuani panya walikuwa wamezaa.

Ufagio ulinishinda. Niliita "Mama!" kama mtoto.

Alipanda, na magoti yake yale yanayouma. Alitazama sana. Nilidhani atalala pale pale.

"Kumbe alikuwa anakunja miguu," akasema. "Na hakuniambia kitu."

Kisha akasema, "Anzia ku miguu. Kichwa utaniachia."

Nikaanzia miguu. Nilipofika begani alinishika mkono, akapiga magoti, akayakusanya majani yaliyobaki kwa mikono yake mwenyewe, polepole, akayashusha uani. Tuliyachoma pamoja na uchafu mwingine wote. Moto aliuwasha yeye.

Baadaye tulioga maji ya moto, nguo tukazichemsha. Matundu nimeyaziba kwa udongo, na mahindi sasa yako ndani ya pipa lenye kifuniko tulilopewa na Juma. Bwana wa afya alirudi, akaridhika. Sikitu hana homa wala uvimbe. Lakini leo mchana matete yalilia tena juu yetu. Nilipanda, sikuona kitu. Mama hakuinua hata kichwa. Naogopa nyumba hii, Yaya, safi hivi ilivyo.

Mama anasema uje Pasaka. Hakusema uje kufanya nini, nami sikumwuliza; matanga bado hatujakaa.

Nisalimie Berthe na mwanenu Paulin. Shangazi Godelive wa Beni anakusalimu, Hadidja na Juma wanakusalimu, Sikitu anakuuma. Katika kila barua tangu vita, Mama alinitamkia salamu za Mbusa, nami nikaziandika kama zilivyo. Leo nilipofika hapa nilimngoja anitamkie, kalamu mkononi. Akasema, "Funga bahasha."

Mungu akufunike huko uliko, na mlango wako usifunguliwe ila na mtu wa amani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Adèle