Mama, Mwaka Ule Nilipokataa Kusimama

Mpendwa mama,

Jana tumesoma maulidi hapa nyumbani kwako Majengo, ya kwanza tangu tukuzike. Nakuandikia kwa sababu uliondoka kabla sijakuomba radhi, na tangu hapo sijatulia.

Wakumbuka miaka ya foleni? Sukari ilikuwa ya kugawiwa, nawe ukiidunduliza kijiko kijiko tangu Ramadhani, sisi watoto tunakunywa uji wa chumvi. "Hiyo ni ya Mtume," ulikuwa ukisema. Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, ukiingia, pilau yako ilikuwa na zabibu za hapa hapa Dodoma, ulizozianika mwenyewe juu ya bati. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzitoa vijiti. Nilikula nyingi kuliko nilizotia bakulini, nawe ukijifanya huoni.

Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara zikafunguliwa. Maduka yakajaa, nami nikaenda Dar es Salaam kwa mjomba. Nilirudi na begi la kanda za mawaidha na majibu ya kila kitu. Nikakuambia maulidi ni uzushi, maswahaba hawakuyasoma. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukaniuliza, "Sasa mwanangu, na kumswalia Mtume nako ni dhambi?" Nikasema hapana, ni huko kusimama. Ukasema, "Basi njoo, ukae tu."

Nikaja, nikakaa kweli. Msomaji alipofika kwenye kiamu, pale panapotajwa kuzaliwa kwa Mtume, wanawake wote ukumbini walisimama kumswalia, wewe mbele yao na mrashi wa maji ya waridi mkononi. Mimi peke yangu nikabaki mkekani, shingo nimeikaza, najiona nimeshinda. Watu wakaanza kugeuka. Ndipo ulipompa mama mdogo ule mrashi, ukaja na magoti yako mabovu, ukakaa kando yangu. Kiamu ulichokingoja mwaka mzima, mama, ulikipitisha umekaa chini ili nisitazamwe peke yangu.

Hatukulizungumza tena. Nilitaka, lakini kiburi kilinifunga mdomo. Ulipougua nikakunywesha uji na dawa, nikaogopa kuomba radhi usije ukadhani nakuaga. Siku zikaenda hivyo mpaka zikaisha.

Jana mama mdogo alinituma jikoni nikaangalie pilau, na kiamu kimekaribia. Nikaona ananificha, ananionea aibu. Alipokuja nyuma yangu nikamuuliza, kwa ukali kidogo, kama bado wana kinyongo na mimi. Akafunika sufuria taratibu.

"Ni wosia wa mama yako," akasema. "Siku zile anaumwa alituambia, maulidi yakija mpeni mwanangu kazi ya jikoni kiamu kikifika, asije akasimama kwa haya wala akakaa kwa haya. Dini yake ni yake na Mola wake."

Nilikaa chini penye majivu, nikalia. Ukumbini walikuwa wamesimama wanamswalia Mtume, na midomo yangu ikawafuata.

Sitaki kukudanganya, mama. Nilichofundishwa sijakiacha, na kama ni lazima kusimama au si lazima, bado nauliza. Ila nilijifunza hukumu ya kusimama, nikasahau kuuliza hukumu ya kumtahayarisha mama mbele ya majirani zake. Nimekuwa nikiogopa kwamba ulikufa una uchungu na mimi. Kumbe pale kitandani, unajua kabisa kuwa maulidi mengine hutayaona, ulikuwa unanitafutia mahali pa kujisitiri.

Niwie radhi, mama. Mola akulaze pema, akukutanishe na Mtume uliyempenda.

Mimi mwanao, kitinda mimba wako