Kadi za Mutwanga

Ijumaa, 2 mwezi wa tano

Kadi mbili kati ya zangu nne za memori tayari; mbili zinabaki nami. Somo la sehemu, nusu na robo, imla moja, maswali matano. Nimezifunga kwa karatasi ya biskuti na kumpa dereva, Papa Abdallah, kwenye kituo cha pikapu. Leo atalala kwake Beni, kesho atafika Mutwanga. Wanafunzi wangu ishirini na watatu watasikiliza kwa redio ya shangazi wa Kanyere, mmoja wao. Watarekodi majibu kwenye kadi hizo kwa simu ya huyo huyo shangazi, nazo zitarudi Jumatano. Hivi ndivyo tunavyosoma tangu shule yetu ya kule ifungwe kwa sababu ya vita nikaletwa Butembo.

Mvua mchana kutwa. Nimekula ugali na sombe, majani ya muhogo, nimesimama. Niketi ili nizungumze na nani?

Jumapili, 4

Misa ya kwanza. Baada ya misa kila mtu ana mtu wa kurudi naye nyumbani. Mimi nina kompyuta ya shule. Iko moja tu, na Jumapili mkurugenzi wa shule huniachia ufunguo kwa kuwa sekreteri hayupo.

Nimesikiliza majibu yao mara ya tatu. Kanyere anasoma mbio kama anayefukuzwa na nyuki. Nyuma yake jogoo anawika. Nimemjibu jogoo. Ndiyo, nimefika huko.

Kisha nimefuta sauti zote, nikarekodi somo jipya. Kadi ni nne, sina nyingine, kwa hiyo kila wiki nafuta. Naanza vilevile siku zote: «Bonjour batoto. Mukamate bic. Musikilize kwanza, kisha muandike.»

Jumatano, 7

Papa Abdallah kaleta kadi. Ndevu nyeupe, kofia ya swala, vumbi hadi kwenye nyusi. Akaniambia: «Mwalimu, mu njia nasikilizaka masomo yako. Ile ya ba fractions sijasikia muzuri. Urudilie.»

Nilikasirika. Nani alimruhusu? Masomo ni ya watoto. Nilinuna hadi nyumbani, kisha nikaona kweli, mfano wa pili wa somo la sehemu niliuharakisha.

Alhamisi, 8

Mkurugenzi ametuita sote ofisini. Kuna tuzo ya ubora kwa shule zinazotumia vizuri teknolojia katika kufundisha. Watakaoshinda watapata kibao cha ukutani, kompyuta sita na sola. Anaiita «label», na kila akilitamka hilo neno anarekebisha tai.

Ameniomba nibaki. Kadi zangu ndizo atakazoonyesha. Tukishinda, moja ya kompyuta ni ya kadi, hata mwaka ujao. Tusiposhinda, hii iliyopo inabaki kwa sekreteri moja kwa moja, hata Jumapili. Simu yangu ya batani haipokei kadi. Bila kompyuta, Mutwanga kwisha.



Jumatatu, 12

Fomu ina kurasa kumi na moja. Ukurasa wa nne: leteni sauti zilizorekodiwa tangu mwanzo hadi sasa.

Nimezifuta zote. Miezi kumi na sita ya sauti zao, kila Jumapili, kwa mkono wangu, ili kuokoa kadi nne. Nilijiona mtu wa kubana matumizi. Mpumbavu.

Jumatano, 14

Mkurugenzi hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema kama hakuna sauti, basi wageni watakaokuja kukagua kwa ajili ya tuzo waone majina. Fomu inataka wanaofaidika wawe wanafunzi wa shule yetu. «Andika majina yao mu registre yetu. Bote. Ni batoto ba shule, ao sivyo? Nani atakuya kubahesabu?»

Nimeandika kwenye registre, daftari la mahudhurio. Ishirini na matatu, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wangu mzuri. Ni uongo, najua. Lakini nilipokuwa naandika nilitamka kila jina, na kwa muda ule nilikuwa darasani kwangu. Sijafurahi hivyo tangu Pasaka. Naona aibu kuandika hivi.

Ijumaa, 23

Kuta zimepakwa chokaa. Kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho mke wa mkurugenzi hukiweka juu ya televisheni. Kadi zimekwenda. Nimerudia mfano wa pili, polepole. Sikusema ni kwa ajili ya nani.

Darasa langu la hapa lina watoto hamsini na wawili, watoto wema. Saa sita mama zao wapo langoni, nami nafuta ubao.

Jumanne, 27

Wageni wamekuja. Wawili, kutoka Kinshasa, mwanamume wa kupiga picha na mama mmoja wa miwani. Walisikiliza kadi moja, wakaipenda. Mama akaomba registre. Akaweka kidole.

Akamwita Kanyere.

Mkurugenzi akasema ni mgonjwa. Kidole kikashuka. Muhindo. Mgonjwa pia. Mama akainua macho juu ya miwani. Kidole kikashuka tena. Masika. Mkurugenzi akafungua mdomo, nami nikajua kinachokuja, maana kwetu hapa kuna sababu moja ya kutokuwepo ambayo hakuna anayeihoji. Nimewaombea hawa watoto kila siku hilo lisiwapate. Sikuweza kumwacha alitamke.

Nikasema hawapo. Wako Mutwanga, wazima, shule yao imefungwa, na majina nimeandika mimi.

Yule mama alifunga registre taratibu. Akauliza wako katika registre ipi sasa. Nikamwambia hakuna. Akaandika kitu kirefu. Mkurugenzi hakunitazama tena hadi kengele ya mwisho.

Jumatano, 4 mwezi wa sita

Hatukupata. Barua ya mistari mitano, wanaomba shule irekebishe daftari zake. Sekreteri amekuja kuchukua ufunguo na kunirudishia kadi tatu zilizokuwa ofisini. Ya nne bado iko kule. Mkurugenzi alisema taratibu tu: «Ungenyamaza, Mwalimu.»

Labda. Nimewapotezea somo ili kulinda nini? Walikuwa wazima hata kama yeye angesema wamekufa.

Ijumaa, 6

Nimekwenda kituoni mikono mitupu. Nilimwambia Papa Abdallah awaambie watoto imekwisha, wamsikilize shangazi, wasiache kusoma. Alikunja karatasi yangu ya biskuti ya safari iliyopita akaitia mfukoni. Akasema: «Donc Ijumaa sitapata somo.» Basi.

Jumapili, 8

Misa. Nyumbani. Nimefua, hata vilivyo safi.

Ijumaa, 13

Saa tisa miguu imenipeleka kituoni yenyewe. Pikapu ilikwishaondoka.

Jumatano, 18

Honi langoni mwa shule baada ya masomo. Papa Abdallah, hakuzima gari. Akanifungulia mlango, akasema nipande nisikilize kadi, kwa kuwa sina pa kuisikilizia. Akachomeka kadi kwenye redio.

Jogoo kwanza. Kisha: «Bonjour batoto. Mukamate bic. Musikilize kwanza, kisha muandike.» Sauti ya Kanyere. Hakukimbia hata neno moja.

Aliita majina. Kila mmoja akajibu présent, nipo, mmoja mmoja, wengine kwa kucheka. Nilihesabu kwa vidole vya mikono na nikaanza upya. Ishirini na watatu. Nilidhani amemaliza. Akasema: «Mwalimu Kavugho.» Kisha kimya. Walikuwa wameniachia nafasi.

Nikasema présente. 

«Papa Abdallah.» Yeye akajibu bila kugeuka, anatafuta kitu chini ya kiti. Akatoa daftari lililojaladiwa gazeti. Mifano yangu yote imo, tarehe kwa tarehe, na ule wa pili kaupigia mstari. Alichana karatasi mbili za katikati akanipa na bic.

Imla ilihusu mto na daraja. Tuliandika tumeinama, yeye juu ya usukani, mimi juu ya goti. Alinichungulia mara moja, nikaziba kwa mkono.

Kesho kutwa ataondoka. Karatasi zetu mbili zinakwenda Mutwanga kusahihishwa.