Mama Getruda Alipoipita Meza Yetu

Mabatini, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, karatasi nimeiweka juu ya sinia maana meza bado sijanunua. Mimi ni mzima, ila vidole vinaniuma kwa barafu ya pale kiwandani. Mguu wako unaendeleaje? Na baba, kile kikohozi kimeachia? Ndizi ulizompa mwalimu aniletee zilifika zimeanza kuiva, nikazipika hivyo hivyo, nikala nikilia kidogo. Usicheke.

Mama, kuna jambo limenichanganya akili na sina wa kumweleza ila wewe.

Unamkumbuka Mama Getruda, yule mama wa Ukerewe niliyekuandikia habari zake nilipofika huku? Ndiye aliyekuwa msimamizi wetu kwenye kiwanda cha nguo. Alinilaza kwenye kitanda chake miezi minane, wala hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Kiwanda kilipofungwa tukapunguzwa wote, aliniaga akasema anarudi kwao kulima. Mimi nikapata hii kazi ya kuchuna minofu ya sangara. Miaka yote hii nikijua yuko kisiwani na mihogo yake.

Sasa, Jumapili iliyopita wazazi wa Masanja, mchumba wangu, walitoka Kisesa kuja kuniona kwa mara ya kwanza. Nilitaka kupika. Masanja akakataa, akasema niwe mgeni kama wao, twende kwenye baa mpya hapa mtaani inayosifiwa kwa sato. Siku hizi kila kitu ni ruksa, Mama, kila ukigeuka kuna baa. Tukaenda baada ya misa, mchana kweupe. Baba yake alivaa koti, mama yake kitenge kipya. Mimi nilivaa lile gauni la kijani.

Tukakaa. Hakuna aliyekuja. Wasichana wawili walikuwa wanawahudumia watu wa meza za mbele na kucheka nao. Upande wetu alikuwepo mhudumu mmoja tu, mama mtu mzima, kitambaa amekishusha mpaka kwenye nyusi. Alipita mara ya kwanza, Masanja akamwita, hakugeuka. Akapita mara ya pili uso ameuelekeza ukutani, Masanja akamwagizia soda na sato vivyo hivyo. Mara ya tatu aliweka soda mezani upande wa mgongo wangu, akaondoka mbio. Tuliagiza baridi, zilikuwa za moto kama chai.

Sato nao tuliwasubiri mpaka mzee akaanza kusinzia. Mwisho msichana wa jikoni akaja akabwaga sahani na kuondoka. Ugali ulikuwa umepoa na kuota ngozi. Na samaki, Mama! Mzee alimgeuza huku na huku, akaniuliza kwa upole kabisa, "Binti, huyu nyama yake imebaki ziwani?"

Mimi nilimjua papo hapo. Alikuwa panki, ule mgongo na kichwa cha sangara kinachobaki tukishachuna minofu ya kupeleka Ulaya. Kutwa nzima nayasukuma mapanki kwa mikono hii, leo nimewekewa mbele ya wakwe, yamekaangwa mara mbili na chumvi ya kuua.

Nikaona aibu, na aibu ikageuka hasira. Nikaenda kaunta. Nikamwambia mwenye baa, "Hii ni huduma gani? Yule mama wenu anatupita kama mbwa, na chakula chenyewe ni mifupa!" Nilipaza sauti, nakiri. Nilitaka wakwe wasikie kwamba sikubali kudharauliwa.

Mwenye baa hakubishana. Akaita, "We bibi! Njoo hapa!"

Akaja. Akainua uso. Alikuwa Mama Getruda.

Mwenye baa akamfokea mbele za watu, akamwambia avue aproni, kuanzia leo hana kazi. Akaivua, akaikunja vizuri kama alivyotufundisha kukunja vitambaa. Akanitazama, akasema, "Samahani, dada. Sato wameisha tangu asubuhi."

Dada! Mimi niliyelala kwenye kitanda chake! Na unajua nilifanya nini? Sikumsalimu. Sikutamka hata jina lake. Nilirudi mezani nikakaa, na Mama Getruda alipotoka nje, mama yake Masanja alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

Kesho yake nilipotoka kazini nilimtafuta. Mchoma mahindi wa pale nje akanielekeza Buswelu, anakolinda nyumba ya mtu ambayo haijaezekwa. Nikampigia magoti. Akanivuta juu.

"Nilikuona tangu unaingia mlangoni," akasema. "Nikawaona na wale wazee, nikajua ni wakwe. Nikisema mwanangu hujambo, watauliza huyu mhudumu wa baa ni nani wako. Wasichana wale niliwaomba washike meza yako, wakakataa. Ndiyo maana nikawa napita."

"Na chakula?"

"Nilikuwa nagombana na mpishi atafute sato mzima. Alinishinda."

Mama, nilimkosea mtu aliyekuwa ananisitiri. Lakini si hilo peke yake lililoninyima usingizi. Jumatano Masanja alikuja na ujumbe wa mama yake. "Mama anasema yule mhudumu ni mtu wako, aliona ulivyobadilika uso. Anasema umri wa yule ni umri wake. Anauliza, akizeeka akachakaa, naye utampita?"

Sasa niambie, nani alikuwa sawa? Mmoja alijificha ili wanipende, mwingine alikaribia kunikataa kwa sababu nilimwacha ajifiche. Nawaza mpaka kichwa kinauma.

Sikujua la kufanya, nikafanya moja tu. Jana nilimchukua Mama Getruda tukaenda naye Kisesa. Njiani alinisihi mara mbili nimwache ashuke. Tulipofika nilisema mbele ya wote yeye ni nani na alinifanyia nini, na mimi nikamfanyia nini. Mama yake Masanja aliingia jikoni, akaleta chakula. Mama Getruda akainuka haraka kupokea sahani azigawe, kwa mazoea. Mwenyeji akamshika mkono.

"Kaa," akamwambia. "Hapa umekuja kama mama wa binti."

Mama Getruda alikaa, akala akiwa ameinamisha kichwa. Posa inaendelea. Wazee wa Masanja watapanda meli kuja huko nyumbani, na wanataka Mama Getruda aje nao.

Mama, usikasirike kwamba mwingine ameitwa mama yangu ulipokuwa hupo. Yeye mwenyewe amekataa kupanda meli mpaka ajue moyo wako. Kwa hiyo usinijibu mimi. Mwandikie yeye, maneno mawili tu, hata kama ni ya kukataa. Nitampelekea barua hiyo bila kuifungua.

Nisalimie baba, na shangazi aliyenifundisha kusuka mikeka, na wifi anayenyonyesha, na kaka anayekusomea na kukuandikia barua. Mwambie asiruke mstari. Padri aliyenibatiza mwambie misa sikosi.

Mungu akulinde mpaka tutakapotazamana uso kwa uso.

Ni mimi binti yako aliyekosea,
Adelina