Kwa Mama Aliyekataa Kufunga Milango Timau

Kwako Mama, unayepumzika Kianjai,

Leo asubuhi nilikuwa nafagia uwanja wa ploti yako hapa Timau, upepo ukishuka mlimani kama ule uliokuwa ukikupasua midomo, nikatamani tuzungumze.

Unakumbuka tulivyokuja? Baba alikuwa amefariki. Ukauza ng'ombe, ukanunua kipande hiki cha ardhi na kujenga vyumba vya mbao vya kupangisha. Wapangaji wako karibu wote walikuwa wafanyakazi wa shamba la maua. Jioni walirudi mikono imejaa mikwaruzo ya miiba ya waridi. Kodi yao ndiyo iliyonisomesha. Vyumba vilipokuwa havitoshi, ulimwita Fundi Mwenda akuanzishie vya mawe huko nyuma, naye akapanga chumba papo hapo kwako. Ng'ambo ya barabara, Mzee Salim aliuza nyama mpaka ndoano za bucha zikabaki tupu.

Kisha wateja wa Ulaya wakaacha kununua maua. Sikuelewa jambo la watu wa mbali hivyo lingetufikiaje sisi. Likatufikia. Shamba liliwarudisha watu nyumbani, vyumba vikaanza kubaki wazi, kodi ikakatika, ukamwambia Mwenda aweke mwiko chini. Mwenda naye akakosa kazi kwingine, maana hakuna aliyekuwa akijenga Timau nzima. Mzee Salim aliyezoea kuchinja kila siku akawa anachinja Jumamosi tu. Alikuja akakaa jikoni kwetu, kikombe cha chai mikononi.

"Mama Makena," alisema, "mimi sijawahi kuuza ua hata moja. Mbona na mimi nimefungiwa?"

Ulicheka kidogo, ukamwongezea chai.

Wenye ploti wengine walitia kufuli milango ya walioshindwa kulipa. Nilidhani nawe utafanya hivyo, maana nilikuwa nimeitwa chuo cha uuguzi na karo ilikuwa itoke kwenye vyumba hivyo. Badala yake ulikwenda nami kwa Kathure, yule dada mpangaji wako aliyekuwa akipakia maua kwenye maboksi. Tulimkuta ameketi juu ya godoro lililofungwa kamba, mtoto mgongoni.

"Unaenda wapi?" ukamuuliza.

"Nyumbani, Mama. Ingawa ndugu zangu walishagawana shamba, na mvua huko haijanyesha."

"Na shamba la maua likifunguliwa, utasikia ukiwa wapi? Fungua hilo godoro. Huko nyuma kuna udongo mzuri. Tupande viazi."

Nilikufuata jikoni nikiwa na hasira. "Na chuo changu, Mama?"

Uliendelea kumenya viazi. Halafu ukasema, "Nikimfukuza sipati kodi. Napata mlango uliofungwa tu. Na mlango haulipi karo."

Nilichelewa kwenda chuo, nawe ulijua inaniuma. Tulipokwenda kulima ulinipa jembe jepesi, wewe ukachukua lile zito.

Tulilima pamoja na Kathure na Mwenda, katikati ya msingi wa vile vyumba ambavyo havijainuka. Mzee Salim akaweka magunia yetu mbele ya bucha, na waliokosa pesa za nyama wakanunua viazi kwake. Hivyo tukasogeza siku. Shamba lilipofunguliwa, lilitaka watu haraka, likachukua waliokuwa karibu. Kathure alikuwa kati ya wa kwanza, na wenzake walipoajiriwa akawaleta wapange kwako. Ploti zilizotiwa kufuli zilikawia kujaa. Watu wao walikuwa wamesambaa hadi Embu.

Si kila kitu kilirudi. Mwenda alichoka kungoja ujenzi, akaenda zake kutafuta kazi, na hatujamsikia tena. Vile vyumba vya mawe hukuvimaliza. Ulituacha msingi ukiwa bado umefunikwa na majani ya viazi.

Mimi sasa ni muuguzi katika zahanati ya hapa. Watu wananishauri nibomoe nijenge ghorofa. Najua kodi ya ghorofa hakuna mfanyakazi wa maua atakayeiweza, na akienda kupanga mbali mshahara wake utaishia kwenye nauli. Lakini mbao zinaoza, Mama. Baridi inawaingilia wapangaji, na watoto wao ndio ninaowatibu kifua. Sijaamua. Huwa nakuuliza moyoni.

Wiki iliyopita alikuja mwanamume na mkewe. Walikuwa wameajiriwa shambani, mshahara bado, na hawakuwa na kodi ya kutanguliza. Nilisimama pale nikifikiria bei ya mabati ya kuzibia mbao zinazooza. Kisha nikawapa ufunguo, nikawaambia watalipa wakishalipwa.

Yule mke akauliza, "Mwenye ploti ni nani, tumshukuru?"

Nikajikuta nimetaja jina lako.

Pumzika, Mama. Nikija Kianjai kupalilia kaburi lako, nitakwambia nilichoamua.

Kifunguamimba wako,
Makena